Pampu Iliyoitwa Mama Mkwe

Mimi ndiye niliyeandika "chakavu". Watu wa Port Said wanapenda kuwalaumu wakubwa, na wakubwa wana lawama zao za kujaza treni nzima, lakini neno lile liliandikwa kwa kalamu yangu, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu walikuwa wakiusifu nilipokuwa shule. Naitwa Inaam. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa mtunza stoo wa kikosi cha zimamoto, kwenye kituo cha zamani karibu na soko la samaki. Kila kilichokuwa ndani ya stoo ile, kuanzia mipira ya maji hadi ndoo iliyotoboka, kilikuwa dhamana yangu. Maana yake kimeandikwa kwa jina langu, na kikipotea nimepotea mimi.

Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na pampu ya mkono ya mwaka 1908. Ilikuwa na magurudumu manne ya mbao, tangi la shaba nyekundu, mitungi miwili ya shaba ya manjano, na mipini miwili mirefu ya mti. Wanaume wanane waliishika, wanne huku na wanne kule, hawa wakiinuka wale wakiinama. Ilipofanya kazi ilinung'unika mtaa mzima ukasikia, ndiyo maana wazimamoto wa zamani waliiita Mama Mkwe. Walisema hata wanaume wanane wakimtumikia kwa jasho lao bado ana la kulalamikia.

Mipini ile ndiyo kisa chenyewe. Mzimamoto aliporudi hai kutoka kwenye moto wake wa kwanza alipewa kisu, akachonga jina lake pale mikono yake iliposhika. Majina yalikuwa yamebanana na kupandiana: Girgis, Abdu Kiziwi, Kosta Mgiriki, Shahata, Awad. Siku moja ya joto nisiyokuwa na kazi niliyahesabu, nikapata sitini na moja. Wengi wao hawakuandikwa mahali pengine popote. Huyo Awad aliingia kwenye ghala la mbao lililokuwa likiungua, zamani za Waingereza, paa likamwangukia, na hakikupatikana kitu cha kuzika. Hana kaburi. Alikuwa na lile jina kwenye mpini wa kushoto, nafasi ya tatu.

Haya yote aliniambia mwanawe, Ami Badawi. Yeye naye alikuwa mzimamoto, na jina lake lilikuwa pembeni mwa la baba yake. Mwaka wa vita, hamsini na sita, maji ya mji yalipokatika na magari ya zimamoto yakabaki kama mapambo, vijana walimtoa Mama Mkwe stoo wakamvuta mpaka ukingoni mwa mfereji wa meli, wakapiga maji usiku na mchana. Badawi alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipomjua mimi alikuwa mzee aliyestaafu zamani, mjane, macho yameanza kuingia ukungu. Kila Alhamisi asubuhi alikuja na kitambaa, kopo la dawa ya kung'arishia shaba na chupa ya mafuta ya kitani ya kupaka ile mipini.

"Inaam, nifungulie nimsalimie mkwe."

"Mkwe wako kalala, Ami. Na wewe nenda kalale."

"Nikilala nani atampaka mafuta? Wewe? Wewe hata chai unaikoroga kwa hasira."

"Naikoroga kwa hasira kwa sababu unaimaliza sukari yangu."

Ndivyo tulivyokuwa. Nilimfungulia, akafanya kazi yake huku akiongea zaidi na chuma kile kuliko alivyoongea na binadamu, nami nikajifanya namvumilia. Ukweli ni kwamba wiki bila Alhamisi ile ilikuwa ndefu.

Kisha akaja Ustadh Wagdi, ustadh wa ofisi, si wa madrasa. Huyu alitumwa na mkoa, mtu wa miaka arobaini, tai shingoni hata mwezi wa nane, na alikuwa na wazo zuri, sitamnyima haki yake. Magari yangehamia kituo kipya, na kituo chetu kigeuzwe makumbusho ya zimamoto ya mji. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Familia za wazimamoto zikaleta kofia za shaba, mikanda, picha, shoka lililokuwa likipasulia nyama ya Idi. Ami Badawi alikuja siku tatu mfululizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamshika Wagdi mkono.

"Mwanangu, mimi sitaki kiti cha mbele wala cheti. Mipini ile iwekwe mahali mtu anaweza kusimama akasoma. Basi. Mimi nikifa nimekufa, lakini baba yangu awe na mahali."

"Ami, hiyo pampu itakuwa katikati ya ukumbi, na taa juu yake," alisema Wagdi.

"Taa?" Ami Badawi alinigeukia. "Umesikia, Inaam? Mkwe anawekewa taa. Sasa ndiyo hatutakaa naye tena."

Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwahi kumwona akicheka vile, na sikumwona tena.

Shida ilianzia kwenye daftari. Pampu ilikuwa mali ya zimamoto, na zimamoto haiwezi kuyapa makumbusho kitu kama makumbusho hayana daftari lake la dhamana. Makumbusho hayawezi kuwa na daftari kabla hayajafunguliwa. Hayawezi kufunguliwa bila pampu. Na mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu. Aliletwa binti wa kunirithi, Sabrin, mwenye kucha ndefu na akili ndefu kuliko kucha, tukaanza kukabidhiana kitu kimoja kimoja. Tulipofika kwa Mama Mkwe, daftari lilisema vipande arobaini na kimoja. Sisi tulipata thelathini na nane.

"Sipokei," alisema Sabrin.

"Ni nati tatu, mwanangu. Zilipotea kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi walioishi wakati huo ndio wazitafute. Mimi siwezi kuanza kazi na nati za mwaka 1908 shingoni."

Nilimtukana kimoyomoyo, lakini ningekuwa yeye ningesema vilevile. Dhamana isiyopokelewa inabaki kwa mwenyewe. Nisingestaafu, na zile nati tatu zingenipeleka mbele ya wapelelezi wa serikali nikaulizwe nimezificha wapi.

Mhandisi aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi alikuja, akatazama pampu dakika moja, akaniambia kwa upole kabisa, "Iandike chakavu, Bi Inaam. Ikishakuwa chakavu inatoka kwako, nati zake na kila kitu. Inakwenda uwanja wa chakavu, na makumbusho yataiomba kutoka huko. Huko hawahitaji daftari, barua tu."

"Na mnada ukitangulia?"

"Mnada ni mara moja kwa mwaka, na bado. Barua ya Wagdi ni wiki moja. Haya, andika twende zetu."

Nilikuwa naijua njia ile. Kwa miaka thelathini na miwili niliona vitu vikiingia uwanja wa chakavu, na sikuona hata kimoja kikirudi. Lakini niliandika. Maneno ni yaleyale kwa kila kitu, huruhusiwi kuongeza wala kupunguza: "Chakavu. Haifai kwa matumizi wala kwa matengenezo." Mwezi mmoja nyuma Ami Badawi alikuwa amewapanga vijana wanane wa zamu, akamshikisha kila mmoja nafasi yake, na pampu hiyohiyo ikarusha maji mpaka juu ya paa la kituo. Njiwa walilowa. Nami nikaandika haifai.

Ilipopakiwa kwenye lori nilifunga kadibodi kwenye mpini kwa kamba, nimeandika kwa herufi kubwa: ISIUZWE, NI YA MAKUMBUSHO. Nilimwambia Ami Badawi kwamba mkwe ametangulia kwenye karatasi zake, atarudi hivi karibuni. Hakuuliza. Aliniamini kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Barua ya Wagdi iliandikwa vizuri. Ilichokosa ni muhuri wa tai, yule ndege wa serikali, na bila tai barua ni karatasi ya kufungia maandazi. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda umra na ufunguo wa droo mfukoni. Wagdi alikwenda ofisi ile kila siku, akaambiwa apite kesho. Akapita kesho. Aliporudi yule haji wetu wa muhuri, alikuta mafaili ya siku kumi na saba mezani, na barua ya Wagdi ilikuwa chini kabisa kwa sababu ndiyo iliyotangulia kufika.

Jumanne moja asubuhi Wagdi aliingia stoo akipepea barua juu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Tai alikuwa pale, wa buluu, amekaa vizuri. Tulikodi lori, tukaenda uwanja wa chakavu pamoja. Niliona toka getini kwamba uwanja ni mweupe. Palikuwa na mchanga na madoa ya mafuta.

"Mnada ulikuwa Jumamosi," alisema mlinzi. "Kuna mkubwa anakuja kutoka Cairo, wakasema uwanja usafishwe kwanza."

"Palikuwa na kadibodi!" nilisema. "Niliandika isiuzwe!"

"Niliiona, Mama. Kadibodi nyingine zimeandikwa hivyohivyo. Lakini kamati inasoma daftari. Daftari limesema chakavu." Alitafuta kwenye karatasi yake. "Fungu la nne. Shaba, chuma na mchanganyiko. Kachukua Muallim Siyam."

Muallim Siyam, kama tunavyowaita mabosi wa vyuma chakavu, ana yadi nyuma ya reli, mtu mnene, mpole, anayemwita kila mwanamke dada. Alitupokea vizuri. Alisema shaba ilikatwa Jumapili, ikaondoka Jumatatu kwenda kuyeyushwa. Wagdi alikaa kwenye tairi bovu, akashika kichwa. Mimi sikujali shaba.

"Mbao," nilisema. "Kulikuwa na mipini miwili mirefu ya mti. Iko wapi?"

"Ile iliyochongwachongwa?"

"Hiyo."

Alinitazama, akaona kitu usoni mwangu, sauti yake ikashuka. "Dada, wangejua vijana... Kulikuwa na baridi asubuhi, wakaipasua, wakakokea moto. Ilikuwa imeshiba mafuta, iliwaka vizuri sana. Tulichemshia chai." Aliangalia pembeni. "Hata sasa, mkitaka chai."

Pipa lilikuwa pale, na birika juu yake. Nilikwenda nikachungulia ndani. Majivu ya mti ni majivu tu, hayana jina la mtu. Nilichukua kijiti nikayakoroga mpaka chini, mimi mwanamke mzima, mbele ya vijana wa yadi, na hakuna aliyenicheka.

Tulirudi na lori tupu kwa njia ya mfereji. Wagdi akasema ufunguzi uko pale pale. Mkuu wa mkoa ameshathibitisha, na televisheni inakuja. Alimjua fundi anayetengeneza mapambo ya jukwaani, anaweza kumpa picha akamtengenezea pampu ile ile kwa wiki tatu.

"Na Ami Badawi?"

"Macho yake hayaoni vizuri," alisema Wagdi, akageuza uso dirishani. Simchukii kwa neno hilo. Alilisema kama mtu anayetapika.

Alhamisi ikafika. Ami Badawi alikuja na chupa yake ya mafuta, akidhani mkwe karudi, akakuta pengo lilelile. Nilimwambia kwamba Mama Mkwe yuko Cairo kwa mafundi.

"Cairo? Mafundi gani? Wanajua mafuta ya kitani? Wasije wakaipiga vanishi, Inaam, vanishi inaziba herufi."

"Nitawaambia, Ami."

"Waambie. Piga simu." Alisimama akisubiri nipige, na mimi nikainua simu ya mezani, iliyokuwa imekatwa tangu mwaka juzi, nikaiambia isipake vanishi.

Wiki hiyohiyo nilipata karatasi yangu ya kustaafu: Bi Inaam hana dhamana yoyote. Muhuri wa tai kwa karatasi hiyo ulipatikana siku moja, kabla ya adhuhuri.

Siku ya ufunguzi walipaka kituo rangi nyekundu, wakatandika zulia. Kofia za shaba ziliwekwa kwenye kioo. Katikati ya ukumbi, chini ya taa, ilisimama pampu ya yule fundi wa jukwaani. Kwa mbali ilipendeza kuliko yenyewe. Ami Badawi alikuja na koti la sare yake ya zamani, medali moja, amenyoa mpaka kajikata kidevuni. Walimketisha mbele, ingawa alisema hataki. Mimi nilisimama ukutani.

Baada ya hotuba binti wa televisheni alimshika mkono, akamleta kwenye pampu. "Haji Badawi, wewe ndiye wa mwisho uliye hai miongoni mwa walioitumia. Hebu tuambie, ndiyo hii?"

Ami Badawi alisogea. Alipeleka mkono kwenye mpini wa kushoto, nafasi ya tatu, bila kutafuta, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango wa kwake. Vidole vilipita mara moja. Vikarudi. Vikaenda nafasi ya pili, ya nne, vikavuka vikafika mwisho wa mti. Mti ule ulikuwa laini, umepigwa vanishi. Watu walidhani mzee amezidiwa na kumbukumbu. Mwanamke mmoja alifuta machozi.

Ami Badawi aligeuza uso, akatazama upande wangu. Sijui aliona nini, kivuli tu labda. Kisha akaiambia kamera, "Ndiyo yenyewe."

Wakapiga makofi.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi za nyuma ambako zamani tulianika mipira ya maji. Nilikaa chini yake, ngazi moja. Nikamwambia yote, toka kalamu mpaka birika. Sikuficha hata chai. Alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Kulikuwa na baridi siku hiyo?" aliuliza.

"Kidogo, Ami."

Akatikisa kichwa, polepole.

"Kwa nini ulisema ndiyo?" nilimuuliza. "Ungesema siyo. Wote walikuwa pale. Ungewaumbua!"

"Ningesema siyo, wangeuliza nani aliandika chakavu. Wasingemshika mhandisi. Wewe una mtu wa kukutetea?"

"Sina."

"Basi." Alivua ile medali, ikamchukua muda kwa sababu pini ilikuwa ngumu, akaitia mfukoni. "Nimemkana baba yangu mbele ya watu kwa ajili yako, Inaam. Usinishukuru. Ukinishukuru nitakupiga."

Kulikuwa na jambo moja nililokuwa sijamwambia, na nililileta mpaka kwenye ulimi. Siku ile nilipoandika neno lile, nilipoona lori linatoka na Mama Mkwe na nati zake tatu zisizokuwapo, nilijihisi mwepesi. Sikuhisi vibaya. Nilikwenda nyumbani nikakaanga samaki, nikala nikashiba, nikalala kama mtoto. Nilikuwa nimetoka salama. Nilitaka ajue anamkana baba yake kwa ajili ya mtu wa namna gani. Nikalimeza. Nilimsaidia kusimama, nikamfikisha kwake, akafunga mlango bila kunikaribisha.

Alhamisi iliyofuata hakuenda kituoni, wala iliyofuata. Nilimpelekea wali na samaki mara mbili, akapokea sahani mlangoni, akarudisha imeoshwa. Alifariki kabla ya Ramadhani.

Makumbusho yapo. Watoto wa shule wanapelekwa, wanapiga picha. Mbele ya pampu kuna kibao: Pampu ya asili ya mwaka 1908, kama ilivyothibitishwa na mzimamoto Badawi Awad. Kwa hiyo Awad ana mahali, nyuma ya jina la mwanawe, chini ya neno "asili". Nilimwomba Wagdi akiondoe kibao kile. Alisema kuondoa kunahitaji kamati.

Nilimwomba pia picha zake zote za ile pampu ya kweli. Zinaonyesha shaba ikimeta, na mipini ni mistari miwili ya giza. Mimi ambaye niliandika kila ndoo, kila mfagio, kila balbu kwa miaka thelathini na miwili, na kalamu ilikuwa sikioni, sikuyaandika yale majina. Nilinunua daftari, nikaanza kuyatafuta kichwani, kila siku baada ya alasiri. Mwezi uliopita nilifika kumi na tisa. Jana nimefika kumi na saba, na mmoja kati yao sina hakika kama alikuwa mzimamoto au muuza samaki aliyekuwa akikaa mlangoni petu.